Risasi ya Mwenzako Nayo Inaua: Shangazi Anajibu

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu gemu moja, Helldivers 2, kwa hiyo nimeipa safu nzima. Kwa msomaji ambaye hajaiona: ni gemu ya vita ya kushirikiana, watu hadi wanne katika kikosi kimoja. Mnashushwa kwenye sayari iliyojaa maadui, kama wadudu wakubwa au roboti, kila mmoja ndani ya kapsuli yake, mnafanya kazi mliyotumwa kabla muda haujaisha, kisha mnakimbilia ndege ya kuwaondoa. Kamera inakaa nyuma ya bega la askari wako, hivyo unamwona yeye mzimamzima na unawaona wenzako. Studio ya Arrowhead ya Stockholm, Uswidi, iliitoa tarehe 8 Februari 2024 kwa PlayStation 5 na kompyuta, na ndani ya wiki 12 nakala milioni 12 zilikuwa zimeshauzwa. Mimi naicheza jioni nyingi na mtoto wa kaka yangu na rafiki zake wawili, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa nimeyapitia.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mgeni kwenye Helldivers 2. Nikiingia na watu nisiowajua, wenzangu wananiua kuliko wanavyoniua wadudu. Jana mmoja alinipiga shotigani mgongoni, akaniita nirudi uwanjani, kisha akaniangushia bomu la ndege. Na mimi nimeua wenzangu, sikatai. Kwa nini watengenezaji wasiweke kitufe cha kuzima risasi za wenzetu? Zinaniharibia mchezo. — Aliyechoka Kufa Bure*

Marahaba mwanangu. Kitufe hicho hakipo, na naomba kisiwepo kamwe. Arrowhead wana msimamo huu tangu Magicka ya mwaka 2011, ambamo wachawi wanne walikuwa wakiunguzana kwa moto wao wenyewe. Wakaja nao kwenye Helldivers ya kwanza ya mwaka 2015, ile inayotazamwa kutoka juu, na wameuleta huku. Risasi ikitoka inampiga yeyote aliyeko mbele yake. Ukiondoa sheria hiyo, wale wenzako watatu wanageuka mapambo: unafyatua unavyotaka, unarusha unakotaka, na huna haja ya kujua nani yuko wapi. Ikiwepo, unalazimika kumjua mwenzako alipo kila sekunde, na hapo ndipo neno kushirikiana linapopata uzito. Kuna gemu nyingi zinazoandika ushirikiano kwenye jalada, halafu ukicheza unakuta ni watu wanne wanaocheza peke yao mahali pamoja.

Sasa tuje kwenye kufa kwako.

Vifo vingi vya mgongoni vinaletwa na kamera. Jicho lako liko juu ya bega la askari, lakini mtutu wa bunduki uko chini kidogo na umesogea mbele. Mwenzako akichuchumaa mbele yako, kamera inapita juu ya kichwa chake na kukuonyesha adui vizuri kabisa, huku mtutu ukiwa umeelekea kisogo chake. Unafyatua ukiamini njia ni nyeupe, kumbe sivyo. Angalia kile kiduara kidogo kinachofuata nyuma ya shabaha yako unapogeuka. Kiduara hicho ndicho kinachokuonyesha bunduki inaelekea wapi kwa kweli, maana bunduki nzito huchelewa kulifikia jicho lako. Subiri vikutane. Na pakiwa na msongamano, lenga kwa jicho la askari mwenyewe. Gemu inaruhusu, na hapo unakiona kile mtutu unachokiona.

Kwa upande wako wewe unayepigwa: usikatize mbele ya mtu anayefyatua. Ukitaka kuhama kutoka kushoto kwenda kulia, zunguka nyuma yake hata kama njia ni ndefu. Kukiwa na bunduki inayojiendesha nyuma yako, ile mtu anayoiita kutoka meli yenu iliyoko angani na inapiga yenyewe kila adui iliyemwona, usisimame kati yake na adui. Haikuoni wewe, inamwona mdudu aliye nyuma yako. Ikikukuta hapo, lala kifudifudi papo hapo na uache risasi zipite juu.

Bomu la ndege ni habari nyingine, na hili nataka nilieleze taratibu kwa sababu ndilo linaloua kikosi kizima kwa mkupuo. Kila msaada kutoka juu unaitwa kwa kubonyeza mishale kwa mpangilio wake. Bomu la kilo 500, kwa mfano: juu, kulia, chini, chini, chini. Ukiwa na pedi, kidole gumba cha kushoto kinaacha kijiti cha kutembelea ili kibonyeze mishale, kwa hiyo unasimama kama mti huku wadudu wanakujia. Ukimaliza, mkononi unakuwa na mpira mdogo. Pale mpira utakapotua, panasimama mwali wa mwanga: mwekundu ukiwa ni wa mashambulizi, wa buluu ukiwa ni wa vifaa. Baada ya sekunde chache kitu kinashuka.

Makosa ni mawili. Kwanza, mtu anaukalia mpira mkononi akitafuta pa kuutupa vizuri. Akiuawa hapo, mpira unaanguka miguuni pake na bomu linakuja palepale, na wenzake walikuwa wamemzunguka wakimlinda. Pili, mpira unanasa kwenye mwili wa mnyama. Umemtupia lile dudu kubwa lenye ngao mbele, nalo linafanya kazi yake, yaani linakimbia kuelekea kwako. Mwali mwekundu unakuja nao. Kwa hiyo tupa mbele ya njia yake au nyuma yake, usimtupie mwilini, na uwe umeshajua utakimbilia wapi kabla hujabonyeza mshale wa kwanza.

Na sema. "Bomu, kwenye mnara!" inatosha. Kama huna maiki, askari wako mwenyewe hupiga kelele anapoita kitu, basi zoea kumsikiliza wa mwenzako. Ukiona mwali mwekundu usioujua ni wa nini, ondoka kwanza, kuuliza baadaye. Ukiua mtu, kwenye ile duara ya jumbe fupi kuna ya kuomba radhi. Itumie kila mara. Mtu aliyeombwa radhi haraka halipizi kisasi, na ujumbe mmoja wa namna hiyo umeokoa misheni nyingi nilizocheza na wageni.

*Shangazi, kompyuta yangu ina diski ndogo. Rafiki yangu aliniambia gemu hii inakula gigabaiti 150, mwingine ananiambia 23. Nani mkweli? — Diski Imejaa*

Wote wawili. Kwenye konsoli gemu ilikuwa inachukua kama gigabaiti 35, lakini kwenye kompyuta ilipita 150, kwa sababu mafaili yaleyale yalirudiwarudiwa ili diski za zamani, zile zenye sahani inayozunguka, zisihangaike kutafuta data huku na kule. Desemba 2025 Arrowhead, wakisaidiwa na studio ya Nixxes, wakaleta toleo jembamba, kwanza kama la majaribio: kutoka gigabaiti 154 hadi 23. Walipopima wakagundua kwamba muda mwingi wa kusubiri unatumika kutengeneza ramani ya sayari, si kusoma mafaili kwenye diski, kwa hiyo ule urudufu wote ulikuwa hausaidii kitu cha maana. Wenye diski za zamani wanachelewa sekunde chache tu. Nimefurahi mno kwa jambo hili, kwa sababu gigabaiti 150 zinawafungia nje watu wenye mashine za kawaida.

*Dada mpendwa, mwanangu wa kiume ana miaka 12 na haniachi nipumue, anataka gemu hii kwa sababu rafiki zake wanayo. Anasema ni ya kuua wadudu tu na haina ubaya. Nimnunulie? — Mama Mwenye Wasiwasi*

Hapana, dada yangu. Barani Ulaya imepewa alama ya umri ya PEGI 18, na Marekani ESRB imeiwekea M, yaani miaka 17 na kuendelea. Alama hizo hazikuwekwa kwa bahati mbaya. Wadudu wapo, ni kweli, lakini askari wanakatika mikono na miguu, wanaungua wakipiga mayowe, na sauti zao zimeigizwa na watu waliofanya kazi yao barabara.

Lipo jambo la pili ambalo rafiki zake hawatalieleza. Gemu hii inaikejeli vita. Serikali ya Super Earth, Dunia ya kubuni ambayo askari hawa wanaipigania, inahubiri uhuru na demokrasia kila dakika huku ikituma vijana kufa kwa kundi. Ukiuawa na wenzako wakabonyeza msimbo wa kukurudisha, anayeshuka si wewe. Ni askari mwingine aliyekuwa amegandishwa ndani ya meli, amepewa zana zako na kutupwa chini, na maiti ya yule wa kwanza bado imelala pale. Mtu mzima akiligundua hilo, moyo unamkaza. Anaelewa anachoambiwa. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuona fataki na makoti mazuri tu, na zile kaulimbiu akazichukua kama zilivyo. Sipendi azichukue hivyo.

Kuna na sauti za wageni kwenye maiki, ambazo zinaweza kuzimwa lakini watoto hawazizimi. Na kuna duka la ndani linalouza sarafu za mchezo kwa pesa halisi. Kwa haki yao, sarafu hizo zinaokotwa pia uwanjani, na vifurushi vya silaha havina tarehe ya mwisho ya kumkimbiza mtu.

Mtoto wako anachotaka hasa ni kuwa kwenye kikosi na rafiki zake. Ikiwa nyumbani kuna Nintendo Switch, mtafutie Splatoon 3 ya mwaka 2022. Ndani yake kuna mchezo uitwao Salmon Run: watu wanne, kamera nyuma ya bega kama hii, bunduki zinatoa wino badala ya risasi, na mnakusanya mayai ya dhahabu huku samaki wakiwavamia kutoka pande zote. PEGI wameipa 7. Mbinu za kushirikiana ni zilezile: mwone mwenzako, mwokoe akianguka, usikimbilie mayai peke yako. Akiwa mkubwa atakuja huku akiwa tayari anajua kucheza na watu. Kwa sasa ingia kwenye mipangilio ya familia ya konsoli yake na uweke kikomo cha umri, ili mjadala usirudi kila Jumamosi.

*Shangazi shikamoo. Sina shabaha. Mikono yangu mizito na macho siku hizi yanachelewa. Nikicheza na vijana wangu naona ninawarudisha nyuma, ingawa hawasemi. Nifanye nini niwe na faida, au niache? — Mzee wa Kikosi*

Hapo kwenye shikamoo nadhani tumebadilishana nafasi, kaka yangu, lakini marahaba. Usiache. Barua yako ndiyo niliyoifurahia kuliko zote, kwa sababu umeuliza kuhusu kazi ninayoipenda.

Gemu hii ina silaha nzito zinazokuja na mkoba wa risasi. Mbili ninazozipenda ni Autocannon, mzinga mdogo unaopiga mfululizo, na Recoilless Rifle, bomba la begani linalopiga kombora mojamoja. Askari akiwa peke yake na bomba hilo, akishafyatua anapiga goti, anachomoa ganda, anatoa kombora mkobani, analiingiza, anafunga. Sekunde hizo zote hawezi kutembea. Sasa fikiria yanakuja yale madude ya kivita ya roboti yaitwayo Hulk, mawili kwa pamoja, moja lina moto mkononi. La kwanza limeanguka. La pili linakufikia ukiwa bado umepiga goti.

Mgawane. Kijana abebe bomba, wewe ubebe mkoba wa makombora. Msogelee ubavuni, karibu kabisa, na akifyatua tu, wewe shikilia kitufe: askari wako anachomeka kombora jipya kwenye bomba lililoko begani mwa mwenzako. Ni kufumba na kufumbua. Yeye hapigi goti, hashushi macho kutoka kwa adui. Kombora, kombora, kombora. Hulk la pili linaanguka hatua chache baada ya la kwanza, na aliyelilenga ni yeye lakini wewe ndiye uliyefanya aweze. Huhitaji shabaha hata chembe. Unahitaji kukaa karibu na mtu na kutomkimbia mambo yakichacha, na hilo wenye umri wetu tunaliweza kuliko vijana.

Vikosi vingi haviitumii mbinu hii kabisa. Watu hawapendi kuonekana wasaidizi. Kila mtu anataka kufyatua. Inaniuma, kwa sababu watengenezaji wameiweka pale makusudi, wameichorea mijongeo yake ya mikono na kila kitu, halafu unacheza wiki nzima na wageni usimwone hata mmoja anayesogea kukusaidia kujaza. Mtoto wa kaka yangu siku hizi hashuki na bomba lile bila kuniuliza, "Shangazi, unabeba mkoba?" Nabeba.

Kazi nyingine zisizohitaji shabaha ni hizi. Uwe ndiye mwenye kuita risasi: chini, chini, juu, kulia. Kapsuli inashuka na maboksi manne, boksi moja kwa kila mtu, na huduma hiyo ni ya kikosi kizima, kwa hiyo ukiiita ovyo mnasubiri dakika kadhaa mkiwa mikono mitupu. Chukua moja lako, lingine usiliguse hata kama mwenye nalo yuko mbali. Waulize vijana wamebakiwa na nini. Katika gemu hii ukibadilisha magazini ambayo bado ina risasi, zile zilizobaki zinapotea, na vijana wana tabia ya kubadilisha kila baada ya kufyatua mara tatu. Wakumbushe.

Uwe jicho la nyuma. Roboti wakiwaona, mmoja wao anajiandaa kurusha mwanga mwekundu angani, na ukiruka tu, meli zao zinakuja kumwaga wengine. Wadudu nao wana wao anayetoa moshi wa rangi ya chungwa, kisha ardhi inapasuka. Ukimwahi kumwona huyo mmoja na kumwekea alama, mwenye shabaha atammaliza, na vita nzima inakwepwa. Alama moja kwa wakati wake ina thamani kuliko magazini nzima ya risasi zilizokosa.

Beba sampuli pia. Zile mnazookota kwa ajili ya kuboresha meli zinagawiwa kwa wote mkifanikiwa kuondoka, lakini anayezibeba akiuawa zinamwagika pale alipofia. Wape vijana vita, wewe kaa na mzigo, uwe wa kwanza kupanda ndege.

*Dada, je, naweza kucheza bila intaneti? Na je, mwenye PlayStation anacheza na mwenye kompyuta? — Msomaji wa Siku Nyingi*

Bila intaneti haifunguki, hata ukiwa unacheza peke yako. Mwenye PlayStation 5, mwenye kompyuta na, tangu tarehe 26 Agosti 2025, mwenye Xbox Series X au S wote wanacheza pamoja. PlayStation 4 haimo. Kuhusu akaunti ya PlayStation kwa wenye kompyuta: mwanzoni mwa Mei 2024 Sony walitangaza kuwa itakuwa lazima, ilhali kuna nchi nyingi ambazo huwezi hata kuifungua. Wachezaji walipinga kwa sauti moja, na siku chache baadaye tangazo likaondolewa. Kwa hiyo hulazimiki.

*Shangazi, ramani ya galaksi inaonyesha sayari zikichukuliwa na kukombolewa. Mimi nacheza misheni mbili tatu jioni. Kweli zinahesabika, au ni picha tu? — Tone Baharini*

Zinahesabika, kwa sharti moja ambalo watu wengi hawalijui: maliza operesheni nzima. Misheni zimefungwa kwa mafungu, na mchango wako kwenye sayari unaingia fungu likikamilika. Ukicheza misheni ya kwanza ukahama kwenda sayari nyingine, mchango huo hauingii. Na sayari ina nguvu ya kujirudishia: kila saa adui anajipatia kiasi fulani, kwa hiyo wachezaji wakitawanyika kwenye sayari sita, zote sita zinaweza kubaki palepale. Angalia wengi wako wapi na amri kuu ya siku hizo, ile gemu inayowapa wachezaji wote, inataka nini, kisha nenda huko.

Nyuma ya ramani kuna mtu. Arrowhead wana msimamizi wa hadithi anayejulikana kwa jina la Joel, ambaye huangalia wachezaji wanafanya nini na kuamua adui atajibu vipi. Mwanzoni mwa 2024 kulikuwa na sayari ya misitu na roboti iitwayo Malevelon Creek. Wachezaji waliing'ang'ania hata pale amri ilipokuwa inawataka kwingine, wakafa huko kwa wingi, ikaanguka, kisha ikakombolewa mwanzoni mwa Aprili. Gemu yenyewe ikatangaza tarehe 3 Aprili kuwa siku ya kuwakumbuka waliofia pale, na kila mchezaji akapewa joho.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Vernen Wells, mwaka huohuo. Wachezaji walipewa kuchagua: wakomboe sayari moja wapate mabomu ya kutegwa ya kulipulia vifaru, silaha mpya ambayo watu walikuwa wanaisubiri kwa hamu, au wakomboe Vernen Wells, ambako hadithi ilisema kuna hospitali ya watoto wagonjwa sana. Upande wa pili zawadi yake ilikuwa kuwaokoa tu watoto hao, ambao hata hawaonekani popote kwenye ramani. Wakaenda Vernen Wells. Umati mzima wa watu wasiojuana wakaacha silaha kwa ajili ya watoto wa maandishi, na Arrowhead nao wakatoa mchango wa kweli kwa shirika la Save the Children. Kila nikisikia mtu anasema wacheza gemu za vita hawana huruma, namsimulia hicho. Misheni zako mbili tatu za jioni ndizo zilizojenga mambo kama hayo, mwanangu. Zimalize tu.

*Habari Shangazi. Mimi na mume wangu tuna televisheni moja na konsoli moja. Tunataka gemu ya vita ya aina hii tukae sote kwenye kochi. Helldivers 2 inagawanya skrini? — Mke wa Askari wa Kochi*

Nzuri, mpenzi. Haigawanyi, na ni pengo ambalo nalisikitikia. Helldivers ya kwanza mnaweza kuicheza hadi wanne mbele ya televisheni moja, ila inatazamwa kutoka juu, si nyuma ya bega.

Kwa mnachokitaka, chukueni Gears of War. Ilitoka 2006 kwa Xbox 360, na toleo lililofanywa upya, Gears of War: Reloaded, likatoka 26 Agosti 2025 kwa Xbox, PlayStation 5 na kompyuta. Hadithi nzima mnaicheza wawili kwa skrini iliyogawanywa: mmoja ni Marcus Fenix, mwingine Dominic Santiago. Ina damu nyingi, kwa hiyo watoto wawe wamelala.

Kama bado mna PlayStation 3 au Xbox 360 inayofanya kazi, itafuteni Army of Two ya mwaka 2008, ya EA Montreal. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili toka mwanzo. Kuna kipimo juu ya skrini kinachoonyesha ni nani kati yenu anayewakera maadui zaidi. Mmoja akifyatua mfululizo, anaanza kung'aa rangi nyekundu na wote wanamgeukia yeye. Mwenzake anakuwa kama hayupo, anazunguka pembeni na kuwamaliza kutoka nyuma. Kipimo hicho kinawalazimisha mzungumze, maana lazima mkubaliane leo nani ni chambo. Sijaona gemu nyingine iliyolifanya jambo hilo kwa uwazi namna ile.

Mkianza na Gears, wekeni kiwango chepesi, na sogezeni kochi karibu, maana kila mmoja anabaki na nusu ya skrini na maandishi yanakuwa madogo. Katikati ya hadithi mtafika sehemu ambapo njia inagawanyika na mnaulizwa mpite kushoto au kulia. Kuanzia hapo kila mmoja anapita upande wake hadi njia zikutane tena, lakini mnaonana na mnaweza kufyatuliana maadui kwa mbali. Yule anayeona wa upande wa pili vizuri zaidi ndiye atoe maelekezo, hata kama ni wewe na mume wako amezoea kuongoza.